Sikuvunja amri yoyote, mbona moyo unanisuta?

Swali:

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Chake Chake. Wifi yangu anapika mikate ya kumimina na mandazi ya oda. Mwezi uliopita mtu mmoja mwenye harusi aliniuliza nani anaweza kumpikia mikate mingi kwa siku moja. Nikamtajia mwanamke mwingine wa mtaa wa pili. Huyo naye anapika vizuri, kwa hiyo sikusema uongo. Lakini nilijua wifi anahangaika na ada ya mtoto, na najua kwa nini sikumtaja: aliwahi kunisema mbele ya ukoo mzima kwamba nakula fedha za mama mkwe, na tangu siku hiyo nina donge naye. Jumapili nilipokea Meza ya Bwana kama kawaida. Mume wangu anasema nisijitie presha, hakuna amri niliyovunja. Padri wetu naye alihubiri kwamba matendo yote hutoka moyoni. Sasa moyo wenyewe siuamrishi, mwalimu. Kosa langu liko wapi, na nifanye nini?"

Jibu:

Marahaba, dada yangu. Mume wako hajakosea sana. Ukizipitia Amri Kumi moja moja hutaikuta inayokulazimisha kumtaja wifi yako kwa kila mwenye harusi. Hukuiba, hukumsingizia mtu, na yule mpishi wa mtaa wa pili alistahili kazi aliyoipata. Kesi hii ukiipeleka mahakamani haivuki hata kizingiti. Ila mtu ambaye dhamiri yake haina neno hakai kitako kuandika barua ndefu namna hii.

Turudi kwenye dakika yenyewe. Mtu amesimama mbele yako anauliza nani anapika. Nakisia jina la kwanza lililokujia ni la wifi, maana mikate yake umeila mara nyingi na shida yake ya ada unaijua. Likaja hadi kwenye ncha ya ulimi, ukalimeza, ukatoa jingine. Mwenye harusi hakuona kitu, akakushukuru, akaenda zake. Hapo katikati, baada ya jina moja kumezwa na kabla ya jingine kutoka, ndipo lilipofanyika jambo unaloniuliza.

Wengi wetu tukisikia "moyo" tunafikiria hisia tu: kupenda, kuumia, kuona wivu. Katika Biblia moyo ni zaidi ya hapo. Moyoni ndiko mtu anakofikiri, anakokumbuka, anakopanga na anakoamua. Sulemani alipotaka hekima ya kuamua mashauri ya watu wake, aliomba moyo. Ndiyo maana Mithali 4:23 inasema: "Linda moyo wako kuliko yote uyalindayo, maana ndiko zitokako chemchemi za uzima." Kwa hiyo unaposema moyo huuamrishi, nakubaliana nawe kwa sehemu tu. Donge lilipanda lenyewe, hilo ni kweli, hukuliita. Lakini kulimeza jina la wifi hakukuja kwenyewe. Uliamua, tena haraka sana, na uharaka ule ndio unaonishughulisha zaidi, maana mtu huamua upesi pale anapokuwa ameshazoea njia.

Soma tena habari ya Kaini na Habili, Mwanzo sura ya 4, uisome kama habari ya watu wa nyumba moja. Wote wawili walileta sadaka. Kaini hakwenda kwa waganga wala kuabudu sanamu, alikwenda ibadani na mazao yake mkononi. Sadaka ya mdogo wake ikakubaliwa, yake isikubaliwe, na uso wake ukakunjamana. Mungu akasema naye hapo hapo, kabla damu haijamwagika, kabla hajamwita nduguye waende uwandani. Akamwambia dhambi inamwotea mlangoni, inamtamani, "walakini yapasa uishinde". Onyo lilikuja wakati ambapo mume wako, kama angekuwako, angemwambia Kaini asijitie presha, hakuna amri aliyovunja.

Hapo ndipo makanisa yanapotofautiana kidogo, na ni vizuri ujue. Wakatoliki, kwa uamuzi wa Mtaguso wa Trento (mkutano mkuu wa maaskofu) wa mwaka 1546, wanafundisha kwamba ile tamaa inayobaki ndani ya mtu aliyebatizwa inatoka kwenye dhambi na inamvuta kwenye dhambi, lakini yenyewe haihesabiwi kuwa dhambi mpaka mtu aikubali. Luther na Calvin, waanzilishi wa Uprotestanti, walikuwa wakali zaidi: kwao hata mchomo wa kwanza wa wivu ni dhambi, ingawa kwa aaminiye hahesabiwi hatia. Kwa shauri lako tofauti hiyo haina uzito mkubwa, kwa sababu wewe ulishapita kwenye mchomo ukafika kwenye kukubali. Yakobo ameiweka kwa mfano wa uzazi: tamaa huchukua mimba, kisha huzaa dhambi. Wewe umekwishazaa, na mtoto ana jina. Linapatikana katika Marko 7.

Sura hiyo inaanza na ugomvi juu ya mikono. Mafarisayo na waandishi waliotoka Yerusalemu waliwaona wanafunzi wa Yesu wakila bila kunawa kwa desturi ya wazee. Suala halikuwa vijidudu, lilikuwa unajisi wa kidini. Yesu akajibu kwamba kinachomtia mtu unajisi hakitoki nje kuingia ndani, kinatoka ndani ya mioyo ya watu, kisha akavitaja: mawazo mabaya, uasherati, wivi, uuaji, uzinzi, tamaa mbaya, ukorofi, hila, ufisadi, kijicho, matukano, kiburi, upumbavu. Tazama kijicho kilipokaa, mstari mmoja na uuaji na uzinzi. Sisi tumekizoea mno. Mtu akifumaniwa, mtaa mzima hauna usingizi. Mtu akimfanyia mwenzake kijicho miaka kumi, tunasema ndivyo walivyo mawifi.

Sasa kuna jambo katika barua yako naona limekuchanganya, nalo ni kwamba mpishi mwingine amefaidika. Je, tendo lilikuwa jema au baya? Paulo, akiwa kifungoni, aliandika jambo la ajabu kwa Wafilipi, sura ya kwanza. Anasema wako wanaomhubiri Kristo kwa husuda na fitina, wakitaka kumwongezea yeye dhiki katika minyororo yake, na wako wanaohubiri kwa nia njema. Mahubiri ni yale yale, Kristo ni yule yule. Paulo hasemi mahubiri ya wenye husuda yafutwe. Anafurahi kwamba Kristo anahubiriwa. Lakini hasemi pia kwamba wenye husuda wamepona kwa sababu watu wamefaidika. Kwa hiyo usijutie riziki ya yule mwanamke wa mtaa wa pili. Aliipata kwa halali, na wewe huna deni kwake. Tendo moja linaweza kumfaa aliyetendewa na kumwoza aliyetenda. 1 Wakorintho 13:3 inakwenda mbali zaidi: mtu anaweza kutoa mali zake zote kuwalisha maskini na bado isimfaidie kitu, kama hana upendo. Maskini wamekula, wameshiba. Aliyetoa ndiye aliyebaki mikono mitupu.

Jirani zako Waislamu hawatashangazwa na mazungumzo haya, na wewe unaishi nao kila siku, kwa hiyo nitaje. Hadithi mashuhuri ya Mtume wao inasema matendo huhesabiwa kwa nia, na nyingine inasema mwilini mna kipande cha nyama ambacho kikitengenea mwili wote hutengenea, kikiharibika mwili wote huharibika, nacho ni moyo. Ukimweleza shoga yako Mwislamu habari ya mikate ya kumimina, atakuelewa kabla hujamaliza. Mafundisho ya Kikristo yanaachana nao pale yanaposema moyo umeharibika kiasi kwamba hauwezi kujitengeneza, unahitaji kupewa mwingine.

Na hapo ndipo swali lako gumu lilipo: kama moyo wenyewe ndio mgonjwa, lawama ni ya nani? Yeremia 17:9 haikufariji: "Moyo huwa mdanganyifu kuliko vitu vyote, una ugonjwa wa kufisha, nani awezaye kuujua?" Mapema katika karne ya 5 Kanisa liligombana vikali juu ya jambo hili. Pelagio, mtawa kutoka Uingereza, alifundisha kwamba mwanadamu ana uwezo wa kutosha wa kuchagua mema akitaka. Augustino, Mwafrika, askofu wa Hippo katika nchi tunayoiita leo Algeria, alimpinga. Augustino alijijua. Alisimulia jinsi alivyokuwa kijana wa miaka 16, akaenda na wenzake usiku kuiba mapea ya jirani. Hawakuwa na njaa, na nyumbani alikuwa na mapea mazuri kuliko yale. Mengi waliwatupia nguruwe. Alichokipenda ni ule uovu wenyewe. Mtu wa namna hiyo, alisema Augustino, humwambii "chagua vizuri" ukaondoka. Huko kuchagua kwenyewe ndiko kulikougua. Mtaguso wa Karthago mwaka 418 uliyakataa mafundisho ya Pelagio, na makanisa ya magharibi tangu hapo yamekubaliana kwamba neema ndiyo inayotangulia.

Lakini usiikimbilie hiyo ukaifanya pazia. Soma habari za Farao. Watu hupenda kuuliza, kama Mungu ndiye aliyeufanya mgumu moyo wa Farao, Farao ana kosa gani? Ukihesabu mapigo utaona mpangilio. Katika matano ya mwanzo, maandiko yanasema moyo wake ulikuwa mgumu, au Farao mwenyewe aliufanya mzito. Baada ya vyura kuondoka akaufanya mzito, baada ya mainzi kuondoka akaufanya mzito tena. Ni kwenye pigo la sita, la majipu, Kutoka 9:12, ndipo tunaposoma kwa mara ya kwanza kwamba Bwana aliufanya mgumu moyo wake wakati wa mapigo. Kila alipopata nafuu alirudi kule kule, mpaka njia ikawa moja. Ndiyo maana nimesema uharaka wako unanishughulisha. Siamini kwamba mikate ile ilikuwa mara ya kwanza. Nadhani kulikuwa na salamu ulizozifupisha, na habari njema ya mtoto wake uliyoisikia ukaikalia kimya.

Wewe ni mtu wa Pemba, huhitaji kufundishwa karafuu. Ikifungwa gunia na unyevu ndani yake, nje gunia ni gunia tu, na siku unapolifungua kwa ajili ya kupima unakuta imevunda. Maneno ya kwenye kikao cha ukoo uliyafunga siku ile ile, mabichi. Hukuyaanika mbele ya mtu yeyote. Barua yako ina sentensi nyingi juu ya mikate na moja tu juu ya kikao kile, na mimi nadhani ugonjwa uko kwenye hiyo moja.

Kabla sijafika kwenye la kufanya, niseme kidogo juu ya sheria, kwa sababu mume wako amesimama hapo. Sheria ina kazi yake, na sitaki mtu aidharau kwa kisingizio cha moyo. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba kati ya Sultani Barghash na Waingereza, na Kanisa Kuu la Kristo likajengwa pale pale. Kufungwa kule kuliokoa watu. Lakini majahazi yaliendelea kuvusha watu kwa siri kuja huku kwenu Pemba, kwa kuwa mashamba ya karafuu yalitaka mikono na tamaa ya faida haikufungwa pamoja na soko, na utumwa haukuondolewa nguvu ya kisheria mpaka 1897. Wala tusiwanyooshee kidole watu wa pwani peke yao. Ng'ambo ya Atlantiki walikuwako Wakristo waliobatizwa, waliojua zaburi kwa moyo, waliowauza wenzao Jumatatu baada ya ibada ya Jumapili. Amri inaweza kukuzuia mkono. Nia ya kumtakia mwenzako mema haiwezi kukutilia moyoni.

Na upande wa pili kuna hatari yake. Wako wanaosema "Mungu anaujua moyo wangu", na ukiwatazama mikono huoni kitu. Frank Weston, aliyekuwa askofu wa Zanzibar tangu 1908 hadi alipofariki 1924, aliwaambia Waanglikana wenzake katika kongamano la London mwaka 1923 kwamba huwezi kudai unamwabudu Yesu katika tabenakulo (kisanduku kinamohifadhiwa mkate wa Meza ya Bwana) kama humhurumii Yesu katika vibanda vya mafukara. Alikuwa mtu wa uvumba na mishumaa, mpenda ibada nzito, ndiyo maana maneno yale yaliwachoma waliokuwa wakimsikiliza. Moyo unaodaiwa kuwa safi na hautoki mlangoni unatia shaka.

Sasa, ufanye nini?

Kwanza omba moyo, kama Daudi alivyoomba baada ya nabii Nathani kuifunua dhambi yake: "Ee Mungu, uniumbie moyo safi." Hakuahidi kujirekebisha, aliomba kuumbiwa. Na ahadi ya Ezekieli 36:26 ni ya Mungu kutoa moyo wa jiwe na kutia wa nyama. Anayefanya upasuaji ni yeye. Katika sala hiyo mtaje wifi kwa jina, na utaje ada ya mtoto wake, kiasi chake kama unakijua. Utaona ulimi unakuwa mzito. Endelea hivyo hivyo na uzito wake. Yesu alisema tuwaombee wanaotuudhi, hakusema tungoje mpaka tujisikie.

Pili, peleka hazina yako upande wake. Mathayo 6:21 watu wengi huisoma kinyume, wakidhani maana yake ni kwamba mtu huweka mali anapopapenda. Isome tena: "kwa kuwa hazina yako ilipo, ndipo utakapokuwapo na moyo wako." Hazina inatangulia, moyo unafuata nyuma. Hilo ndilo jibu langu kwa neno lako la kutouamrisha moyo. Huwezi kuuambia umpende wifi leo saa kumi. Unaweza kuagiza kwake mikate ya shughuli yako ijayo, ukalipa bei kamili anayotozwa mgeni, bila kuomba ya kindugu (tunajuana, mawifi na bei za kindugu). Unaweza kumpelekea mteja anayefuata. Fanya hivyo hata kama ndani bado kunachoma. Watu watakwambia huo ni unafiki. Mnafiki hutenda mema ili aonekane. Wewe utakuwa unatenda mema ukitafuta kupona, tena bila mtu kujua.

Tatu, usiende kwa wifi kumwambia habari ya mwenye harusi. Najua wako watakaokushauri hivyo, na watakutajia Mathayo 5:23, kuiacha sadaka mbele ya madhabahu. Mstari huo unasema ukikumbuka ndugu yako ana neno juu yako. Yeye hana neno juu yako kwa mikate, hajui. Ukimwambia, wewe utalala vizuri usiku huo na yeye ndiye atakayekesha. Muungamie Mungu, na umlipe kwa kazi.

Lakini la kikao cha ukoo ni shauri jingine. Hapo yeye ndiye aliyekukosea, na Mathayo 18:15 inakuagiza uende, wewe na yeye peke yenu. Katika barua yako hukusema kama uliwahi kwenda. Usimpitishe mumeo, ingawa ni kaka yake, wala usimtume mama mkwe. Nenda mchana, wakati hana moto wala wateja, umwambie maneno yale yalikuumiza na ungependa kujua aliyatoa wapi. Huenda akaomba radhi, huenda akakurudia yale yale. Na kama katika aliyoyasema kuna hata chembe ya ukweli juu ya fedha za mama mkwe, anza wewe kuitaja hiyo chembe. Kusamehe hakukulazimishi kukubali kwamba alikuwa na haki ya kukuaibisha mbele ya watu.

Umeuliza kwa mzunguko juu ya Meza ya Bwana. Ile ya Jumapili iliyopita imekwisha pita, usiirudie rudie. 1 Yohana 3:20 inasema mioyo yetu ikituhukumu, Mungu ni mkuu kuliko mioyo yetu, naye anajua yote. Kabla ya kupokea tena, ungama. Usiseme tu "nimekosa kwa mawazo". Sema "nilimnyima wifi yangu kazi kwa kijicho nikijua ana shida". Kama unaona haya kuungama kwa padri wa kanisa lenu kwa kuwa anaingia na kutoka nyumbani kwa wifi, nenda Wete, au ukivuka Unguja pita kwa padri yeyote pale mjini. Naye amefungwa na siri ile ile.